Central Park ya New York: anzia mtaa wa 110, teremka hadi wa 59

Wageni wengi wanaotoka kwetu kuja New York, wawe wamekuja kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa, kwa marathoni ya Novemba au kumwona ndugu, hutoka Central Park na malalamiko yaleyale. Walishuka kituo cha Columbus Circle, wakaingia kwa upande wa kusini, wakasongwa na wakodisha baiskeli, wakazunguka saa mbili, kisha wakatokezea palepale walipoingilia. Picha walizopiga ni za kidimbwi kimoja na majengo marefu. Miguu inawauma na hawajui walikuwa wapi.

Hawana kosa. Bustani hii ina hekta 341. Urefu wake ni kilomita 4, kutoka mtaa wa 59 hadi wa 110, na upana wake ni kama mita 800. Njia zake zilipindwa kwa makusudi: Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, ambao mchoro wao ulishinda shindano mwaka 1858, walitaka anayeingia asahau kabisa kwamba yuko mjini. Ukiifuata njia kwa sababu tu imekupendeza, ina kawaida ya kukurudisha ulikotoka.

Dawa yake ni kuingia kutokea kaskazini, mtaa wa 110, na kutokea kusini, mtaa wa 59. Kaskazini kuna utulivu, hivyo unaanza bila bughudha. Ukitembea hivyo, majengo marefu ya katikati ya jiji yanakuwa mbele yako muda wote, na hayo ndiyo dira yako. Vitu mashuhuri unavikuta mwishoni, pale ambapo treni za kukurudisha ni nyingi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Mwendo wote, pamoja na mikunjo, ni kama kilomita 7. Raba mpya zitakutoa malengelenge kabla hujafika katikati.
- Chupa ya maji. Mabomba ya maji ya kunywa yapo bustanini, lakini miezi ya baridi kali hufungwa.
- Chakula chako. Vibanda vipo vingi kusini, vichache kaskazini, na bei zake si za mtu mwenye watoto wanne.
- Kadi ya benki ya kugusisha, au simu inayolipa kwa kugusa. Ndiyo nauli ya treni na basi: karibu dola 3 kwa safari, iwe fupi au ndefu.
- Simu yenye chaji ya kutosha na ramani ya Manhattan uliyokwisha kuipakua. Chini ya miti mikubwa ramani huwa inakosea, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Hatua ya 3 itakupa njia ya uhakika zaidi.
- Sweta au koti la kuvaa na kuvua. Aprili na Oktoba asubuhi ni baridi, mchana jua linawaka.
- Kanga moja ya kukalia kwenye nyasi.

Tiketi haihitajiki. Kuingia ni bure kwa kila mtu, kila siku, na hakuna mlango wowote wa kulipia. Atakayekuuzia kiingilio ni tapeli.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Saa zote ninazozitaja hapa ni za Kiswahili. Bustani hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 7 usiku. Kwenye mabango utaona 6 na 1, usichanganyikiwe.

Anza saa 3 asubuhi. Kabla ya saa hiyo mbwa wanaruhusiwa kuachiwa huru bila kamba katika sehemu nyingi za bustani, na ruhusa hiyo hurudi tena baada ya saa 3 usiku. Wamarekani wanawapenda mbwa wao na wengi wa mbwa hao hawana ubaya, ila kama una mtoto anayeogopa au una udhu wako, ngoja saa 3 ipite. Kuanzia hapo sheria inataka kila mbwa awe kwenye kamba.

Angalia pia machweo. Desemba jua linazama kama saa 10 na nusu jioni. Juni ni kama saa 2 na nusu usiku. Tenga saa nne hadi tano za kutembea na kupumzika, kisha hesabu kurudi nyuma. Mtu anayeanza saa 7 mchana mwezi Desemba atafikwa na giza akiwa kwenye vichaka vya katikati, na hapo si mahali pa mgeni usiku.

## Hatua ya 2: Shuka kituo sahihi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu upande huu wa mji kuna vituo vitatu vyenye namba 110.

Unachokitaka ni Central Park North–110 Street, cha treni namba 2 na 3. Kutoka Times Square, fuata mabango yaliyoandikwa Uptown, yaani kwenda kaskazini. Mchana, treni hizo zikitoka Times Square husimama mtaa wa 72, kisha wa 96, kisha unafika. Ni kituo cha tatu.

Kituo cha treni B na C kinaitwa Cathedral Parkway–110 Street, nacho kiko kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya bustani. Ukishuka hapo hujaharibikiwa. Tembea kando ya ukuta wa bustani kuelekea mashariki, kama dakika kumi hivi.

Kituo cha treni namba 1 nacho kinaitwa Cathedral Parkway–110 Street, lakini kiko Broadway, mbali na bustani. Hiki ndicho kinachowapoteza watu. Ukiwa kwenye treni namba 1, shuka mtaa wa 96 na uvuke jukwaa kupanda 2 au 3. Mwisho wa wiki treni hubadilishiwa njia kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo soma matangazo ukutani kabla hujagusisha kadi.

Kama unataka kula au kuswali kwanza, usishuke 110. Endelea kituo kimoja mpaka mtaa wa 116. Hapo kwenye Malcolm X Boulevard kuna msikiti wa Malcolm Shabazz, na ukishika mtaa huohuo wa 116 kuelekea magharibi utakuta migahawa ya Wasenegali: wali, samaki, nyama ya kuchoma, vyote halali. Ukimaliza, teremka mitaa sita kwa miguu hadi bustanini. Chakula cha namna hii hukipati tena njiani.

Utajua umefika pale utakapotoka chini ya ardhi ukaona ng'ambo ya barabara ukuta mfupi wa mawe, miti nyuma yake, na maji yanayong'aa kupitia miti hiyo. Lango hilo linaitwa Farmers' Gate.

## Hatua ya 3: Jifunze kusoma nguzo za taa

Usiingie ndani zaidi kabla ya kujua jambo hili. Wakazi wengi wa New York wenyewe hawalijui.

Kila nguzo ya taa bustanini ina kibati kidogo chenye tarakimu nne. Tarakimu mbili za mwanzo ni namba ya mtaa ulio karibu nawe. Tarakimu ya mwisho inakwambia upande: ikigawanyika kwa mbili, uko mashariki, karibu na Fifth Avenue, isipogawanyika, uko magharibi, karibu na Central Park West. Nguzo iliyoandikwa 7602 inakwambia uko usawa wa mtaa wa 76, upande wa mashariki. Iliyoandikwa 7603 iko usawa huohuo, upande wa magharibi.

Kanuni hii ni nyepesi kwenye mitaa iliyo chini ya 100. Juu ya hapo namba zinaweza kukuchanganya, lakini kule huzihitaji: utakuwa unafuata ukingo wa maji.

Jizoeze. Kila baada ya dakika chache soma nguzo moja. Namba zikipungua unakwenda kusini, uko sawa. Zikiongezeka umegeuka bila kujua, jambo linalotokea kirahisi sana kwenye njia zilizopinda. Na likitokea la kutokea, mtu ameanguka au mtoto amepotea, piga 911, namba ya dharura, na umtajie anayepokea namba ya nguzo iliyo karibu nawe. Hiyo inawafikisha haraka kuliko kusema "tuko karibu na mti mkubwa."

Dira nyingine mbili: majengo membamba marefu kupita kiasi yako kusini, na jengo lenye minara miwili pacha, San Remo, liko magharibi usawa wa mitaa ya 74 na 75. Kwa kukadiria mwendo, mitaa 20 ni kama kilomita 1.6.

## Hatua ya 4: Zunguka Harlem Meer, kisha ingia bustani ya maua

Maji uliyoyaona langoni ni Harlem Meer. Yashike mkono wako wa kulia, ufuate ukingo kuelekea mashariki kisha kusini. Asubuhi utakuta wazee wenye ndoano wamekaa kwenye vigoda. Uvuvi unaruhusiwa, ila samaki lazima arudishwe majini akiwa hai. Watoto wanapenda kusimama hapa. Waache, bado una muda. Jengo la Dana lililo ukingoni kwenye mtaa wa 110 lina vyoo. Vitumie, hata kama hujabanwa.

Kusini mwa maji, usawa wa mtaa wa 105, kuna Conservatory Garden. Hufunguliwa saa 2 asubuhi na hufungwa mapema kuliko bustani nyingine yote. Humo hakuna kukimbia wala baiskeli. Ina sehemu tatu: ya kati imenyooshwa kwa mtindo wa Kiitaliano, ya kaskazini ni ya Kifaransa, ya kusini ya Kiingereza. Ukija mwishoni mwa Aprili, nenda ya kaskazini ukaone maua ya tulipu yalivyopandwa kuizunguka chemchemi. Oktoba, hapohapo hupandwa krisantimamu. Kwa maoni yangu hakuna pahali pazuri zaidi pa kupiga picha za familia katika bustani nzima, na watu wanaoingilia kusini hawafiki hapa.

Mwenye miguu mizuri anayetaka msitu badala ya maua ana njia nyingine: kutoka kona ya kusini-magharibi ya Meer apite chini ya Huddlestone Arch, daraja la mawe makubwa yaliyopangwa bila saruji, akipande kijito mpaka kidimbwi kinachoitwa the Pool, karibu na mtaa wa 103 upande wa magharibi. Usiwapitishe wazee huko. Kuna ngazi na mawe, na mvua ikinyesha panateleza.

## Hatua ya 5: Kata kuelekea Reservoir

Kutoka bustani ya maua shuka kusini kwa njia za upande wa mashariki mpaka nguzo zianze kusoma 97, kisha 96. Hapo geuka kulia. Mbele yako ni Reservoir, bwawa kubwa la hekta 43 lenye jina la Jacqueline Kennedy Onassis.

Kabla ya kulifikia utavuka barabara kuu ya ndani. Magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku humo mwaka 2018, na hilo ndilo linalowaponza wageni: wanaona hakuna gari, wanavuka wakiwa wanatazama simu. Baiskeli zinakuja kwa kasi. Zote huzunguka bustani kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, maana yake upande wa mashariki zinakwenda kaskazini na upande wa magharibi zinakwenda kusini. Tazama upande zinakotoka, kisha tazama na upande wa pili. Vukia penye mistari tu.

Kwenye ukingo wa bwawa kuna njia ya udongo ya wakimbiaji, yenye urefu wa kilomita 2.5. Mwelekeo wake ni mmoja, nao ni uleule wa kinyume cha saa. Ndiyo sababu nimekuleta kwenye kona ya kaskazini-mashariki. Kutoka hapa unafuata ukingo wa kaskazini kuelekea magharibi, kisha unateremka upande wa magharibi, na muda wote unakwenda na wakimbiaji bila kupishana nao uso kwa uso. Kaa kando, msitembee watatu watatu mmeshikana mikono.

Ukiwa ukingo wa kaskazini, simama. Bwawa lote liko mbele yako na jiji zima la kusini limejipanga ng'ambo ya maji. Picha uliyokuwa unaitafuta kusini ni hii.

Ukivuka maji ungefika Engineers' Gate, kwenye Fifth Avenue na mtaa wa 90. Hapo ndipo wakimbiaji wa marathoni huingilia bustanini baada ya kupanda ule mwinuko mrefu wa Fifth Avenue. Karibu na hapo kuna sanamu ya Fred Lebow, mmoja wa waanzilishi wa mbio hizo, ambazo mwaka 1970 zilifanyika zote ndani ya bustani hii kwa watu 127 walioanza na 55 waliomaliza.

## Hatua ya 6: Usiipite Seneca Village

Ukifika kona ya kusini-magharibi ya bwawa, nguzo zikisoma 86 au 85, acha maji uelekee magharibi. Macho hayatakuonyesha kitu zaidi ya nyasi, mawe na viwanja vya watoto. Tafuta mabango ya maelezo.

Hapa, kati ya mtaa wa 82 na wa 89, palikuwa na kijiji. Kuanzia mwaka 1825 Wamarekani weusi waliokuwa huru walinunua viwanja hapa wakajenga. Ardhi ilikuwa na uzito mkubwa kwao: katika jimbo la New York mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na mali isiyohamishika ya thamani ya dola 250. Mwaka 1855 walikuwa kama watu 225, wengi wao weusi, pamoja na Wairishi na Wajerumani kadhaa. Walikuwa na makanisa matatu, shule na makaburi. Mwaka 1857 walikuwa wameshaondolewa wote, ardhi imetwaliwa kwa sheria ili bustani ijengwe, na fidia ambayo wengi waliipinga kuwa ni ndogo.

Ninawaomba mnaokuja msimame hapa kwa sababu bomoabomoa tunaijua. Tunajua maana ya kuambiwa kwamba uliponunua, ukajenga na kuzika ni mahali pa mradi. Soma mabango yote, hata kama wenzako wana haraka. Watoto waliozaliwa huku Marekani uwasomee kwa sauti.

Mwamba mkubwa ulio karibu, Summit Rock, ndio ardhi ya asili ya juu kuliko zote bustanini. Ni mahali pazuri pa kutandika kanga na kula.

## Hatua ya 7: Kutoka Great Lawn hadi kasri

Rudi mashariki, usawa wa mtaa wa 85, mpaka uone uwanja mpana wa nyasi. Huo ni Great Lawn. Upitie ukingoni ukielekea kusini, na mwisho wake utaona juu ya mwamba kasri dogo la mawe, Belvedere, usawa wa mtaa wa 79. Kupanda ni bure.

Kabla ya kupanda, chepuka upande wa mashariki, nyuma ya jumba la makumbusho la Metropolitan. Kuna nguzo ya jiwe ya Misri, yenye umri wa miaka kama 3,500, iliyochongwa enzi za Farao Thutmose wa Tatu na kusimamishwa hapa mwaka 1881. Watu huiita sindano ya Cleopatra, ingawa ilichongwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yeye hajazaliwa. Izunguke pande zote nne: upande mmoja maandishi bado yanasomeka, mwingine umelika kabisa.

## Hatua ya 8: Amua kuhusu the Ramble

Kusini mwa kasri kuna pori la hekta kama 15, the Ramble. Ndimo watu wanamopotelea hata baada ya kufanya mengine yote sawasawa. Njia ni nyingi, fupi, zinapanda na kushuka, na hakuna iliyonyooka. Wapenda ndege huja kutoka mbali, hasa Mei na Septemba, ndege wahamao wanapopumzika hapa.

Ukiingia, kanuni ni mbili. Kila penye njia panda, chagua inayoteremka, kwa sababu chini ni ziwa. Na soma nguzo: ukiona 75 au 74 karibu umetoka. Ukifanikiwa utatokezea kwenye Bow Bridge, daraja la chuma la mwaka 1862.

Ukiwa na wazee, kigari cha mtoto, au umechoka, usiingie. Pita upande wa mashariki wa pori, ukitafuta nguzo za 74 zinazogawanyika kwa mbili, mpaka jengo la mashua liitwalo Loeb Boathouse. Kuna vyoo. Huko hujapitwa na kitu cha kujutia.

## Hatua ya 9: Bethesda na the Mall

Usawa wa mtaa wa 72 kuna uwanja wa matofali mbele ya ziwa, na katikati yake chemchemi yenye sanamu ya malaika. Iliyatukuza maji safi yaliyoletwa mjini kwa mfereji wa Croton mwaka 1842. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1873 na ni kazi ya Emma Stebbins, mwanamke wa kwanza kupewa na jiji kazi kubwa ya sanaa kama hiyo.

Watu wote hupiga picha ya malaika wakaondoka. Wewe ingia chini ya matao, kwenye ukumbi ulio kati ya ngazi, uinue macho. Dari lote limefunikwa vigae vya rangi, zaidi ya 15,000, kila kimoja kikiwa na nakshi. Mara nyingi kuna waimbaji humo kwa sababu kuta zinarudisha sauti vizuri. Wakikupendeza, watupie dola.

Panda ngazi kuelekea kusini na utakuwa kwenye the Mall, njia pekee kubwa iliyonyooka katika bustani nzima, mita kama 400 chini ya miti mirefu ya elmu iliyokutana juu. Huku ndiko kwenye wacheza muziki na wachoraji. Tafuta sanamu ya shaba ya wanawake watatu walioizunguka meza moja. Mmoja wao ni Sojourner Truth, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo hilihili la New York akawa msemaji mkubwa dhidi ya utumwa na wa haki za wanawake. Iliwekwa mwaka 2020, na kabla yake hapakuwa na sanamu hata moja bustanini ya mwanamke aliyepata kuishi kweli.

## Hatua ya 10: Tokea Columbus Circle

Mwisho wa the Mall geuka magharibi. Utapita kando ya Sheep Meadow, uwanja wa kulalia kwenye nyasi ambao hufungwa nyasi zikilowa na miezi ya baridi. Kondoo walichungwa hapa kweli mpaka mwaka 1934. Endelea hadi barabara ya ndani ya upande wa magharibi, usawa wa mtaa wa 67, karibu na mgahawa wa Tavern on the Green.

Mstari wa mwisho wa marathoni huwekwa hapa. Ibrahim Hussein wa Kenya aliumaliza wa kwanza mwaka 1987. Juma Ikangaa wa Tanzania alifika hapa mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao hakuna aliyekuwa amewahi kuufikia kwenye mbio hizo. Tegla Loroupe alishinda mwaka 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo New York, akarudia mwaka 1995. Piga picha na watoto wako ukiwatajia majina hayo. Kutoka hapa ni mitaa minane tu kusini hadi Columbus Circle, kwenye treni A, B, C, D na 1, na kituo kina lifti.

Sasa ndipo utakutana na wafanyabiashara wote. Baiskeli za magurudumu matatu za kubeba abiria hutoza kwa dakika, na bei lazima iwe imebandikwa. Kosa ni kusikia "dola sita" ukadhani ni za safari. Dakika 20 kwa bei hiyo ni dola 120. Uliza jumla kabla ya kukaa, na kama hataki kutaja jumla, ahsante na uendelee na safari yako.

## Ukija Jumapili ya marathoni

Mbio huwa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Siku hiyo usifuate mwongozo huu: barabara za kusini na eneo la mwisho hufungwa. Simama Fifth Avenue kati ya mtaa wa 110 na wa 90, ambako ni bure na wakimbiaji wanapanda mlima wakiwa wamechoka, hivyo utawaona vizuri na watakusikia. Beba bendera. Mkimbiaji wa kwetu akiitwa kwa Kiswahili hapo hugeuza kichwa.

## Ukichoka kabla ya mwisho

Usilazimishe. Soma nguzo, kisha toka upande ulio karibu. Magharibi, kwenye Central Park West, kuna vituo vya treni B na C mitaa ya 103, 96, 86, 81 na 72. Treni B haifanyi kazi mwisho wa wiki, C inafanya. Mashariki hakuna treni ukingoni mwa bustani. Ukitokea Fifth Avenue, panda basi M1, M2, M3 au M4, yote yanakwenda kusini. Kwa mama au bibi mwenye magoti mabovu basi ni bora kuliko treni, kwa sababu vituo vingi bado ni vya ngazi, na dereva ataliinamisha basi upande wa mlango ukimwomba.